Kitufe cha T

Umeme ulipokatika kwa mara ya nne katika wiki moja, Efrazia aliketi ukingoni mwa kitanda chake, akatega sikio. Hakuita mtu. Alitaka kujua mkwewe atachukua muda gani kukifikia kisanduku cha swichi pale ukumbini, maana mara tatu zilizotangulia alikuwa amehesabu kimoyomoyo, na kila mara Zuhura alifika upesi mno, upesi wa mtu aliyekuwa amejibanza pale pale akingoja. Safari hii alihesabu hadi kumi na moja. Nyayo zikapita, swichi ikalia ta, taa ikarudi. Ikafuata hodi ya kawaida mlangoni na swali la kawaida.

“Mama, ulikuwa umewasha kitu?”

“Niwashe nini mimi, mwanangu? Nilikuwa nasali.”

Ulikuwa uongo mkavu, tena wa mzee wa kanisa mwenye miaka sitini na mitatu, anayeaminiwa ufunguo wa kabati la vyombo vya Meza ya Bwana. Nyuma ya kitanda, mahali ambapo Zuhura hakuweza kupaona akiwa mlangoni, palikuwa na ndoo ya bati yenye maji ambayo hayajapata hata uvuguvugu. Ndani ya maji hayo ilikuwamo hita, ule waya mnene uliosokotwa ambao watu huutumbukiza kwenye ndoo na kuuchomeka ukutani wapate maji ya kuoga.

Timotheo, mwanawe wa pekee, alikuwa amezipiga marufuku hita za namna hiyo tangu jirani mmoja alipounguza godoro na pazia. Alimnunulia mama yake birika la umeme, akamwambia hita aitupe. Efrazia akasema ameitupa. Lakini birika lilikaa jikoni, na jikoni alikaa Zuhura. Efrazia hakuwa tayari kusimama kila asubuhi ya mwezi wa saba, ukungu wa Kwai umelala mpaka vizingitini, akimwomba mke wa mwanawe maji ya moto katika nyumba iliyojengwa juu ya msingi wa nyumba yake mwenyewe. Basi aliificha hita kwenye sanduku la vitenge, akawa anaitoa alfajiri kama mwizi.

Zuhura alikuwa amekuja miaka miwili nyuma kutoka Mlalo. Alikuwa binti wa Kiislamu, mrefu, mtaratibu, mwenye shikamoo ya mapema na macho yasiyokwepa. Kosa lake lilikuwa moja tu. Ndoa ilifungwa bomani Lushoto, kila mmoja akabaki na dini yake, na kwaya ambayo Efrazia aliiimbia tangu usichana haikuimba hata ubeti mmoja. Tangu siku hiyo Efrazia alikuwa na hofu isiyomwachia nafasi ya kupumua: mwanawe atageuzwa moyo. Atasilimu, atahamia kwa wakwe zake Mlalo, na yeye atabaki Kwai na ng’ombe wawili wa maziwa na picha ya marehemu mumewe. Alikuwa akitafuta dalili za jambo hilo asubuhi na jioni, na kwa kuwa alikuwa na bidii, alizipata.

Dalili ya kwanza aliiona siku nyumba mpya ilipotiwa umeme. Fundi alikuwa Idrisa, binamu yake Zuhura, kijana mwenye leseni yake na buti safi. Efrazia, akiwa dirishani, alimwona akichimba shimo kwenye pembe ya nyumba, upande wa chumba chake yeye. Idrisa akasema bismillahi. Akagongomelea ardhini fimbo ya shaba ndefu kuliko mtu, kisha akamwaga mkaa uliopondwa, akamwaga chumvi ya mawe, mkaa tena, chumvi tena, akafukia na kumwagia maji.

Sasa mtu aliyezaliwa Usambara anapoona shaba, chumvi na mkaa vinafukiwa pembeni mwa nyumba, na vimesomewa dua, anafikiri nini? Anafikiri fingo, ile dawa inayozikwa ili kulinda boma la watu au kulifunga. Efrazia alikuwa Mlutheri safi, asiyeamini kabisa mambo ya mafingo. Aliyaogopa tu.

Idrisa alieleza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba fimbo ile ni ya kuupa umeme uliopotea njia pa kushukia, usije ukapita mwilini mwa mtu, na kwamba mkaa na chumvi huifanya ardhi iupokee vizuri. Efrazia aliitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia mtu asiyeshawishika. Halafu Idrisa akawapeleka yeye na Zuhura ukumbini, akawaonyesha kisanduku. Ndani yake palikuwa na swichi moja kubwa, na pembeni yake swichi nyingine ndogondogo zilizopangwa mstari mmoja.

“Hii kubwa, mama, inapima umeme unaokwenda na umeme unaorudi,” alisema. “Ukipungua hata kidogo, basi kuna mahali unavuja, pengine kwa mtu. Yenyewe inajua. Inakata hapo hapo.”

Katika maelezo yote yale Efrazia alishika neno moja: inajua.

Na kweli, ikaanza kumjua yeye. Zuhura alipiga pasi, umeme haukukatika. Timotheo alitoboa ukuta kwa mashine inayonguruma hadi kuku wakakimbia, haukukatika. Friji, redio, birika, vyote viliwaka salama. Lakini kila Efrazia alipochomeka hita yake, nyumba nzima ilizimika ta! Hita ile ile alikuwa ameitumia miaka kumi na miwili katika nyumba ya zamani, bila matata yoyote. Ni kweli, mara kwa mara alipoigusa ndoo alisikia mtekenyo vidoleni, lakini huo aliujua ni wa baridi yabisi, na alikuwa akiupaka dawa ya kuchua.

Angeweza kusema. Neno moja tu, “mwanangu, nina hita chumbani,” na mambo yote yangekuwa mepesi. Hakulisema, kwa kiburi kwanza, na baadaye kwa sababu uongo ulikuwa umekwisha kuzoea kukaa mdomoni mwake. Zuhura alimwita Idrisa aje kukagua. Akapima kila tundu la ukutani na kila chombo alichoonyeshwa, jasho likimtoka, asipate kitu. Alipokuwa akifunga mkoba wake alisema kwa upole, bila kumtazama mtu, kwamba kuna chombo ndani ya nyumba ile kinachovuja umeme, naye hajaonyeshwa. Efrazia alilipokea neno hilo kama kofi. Kijana wa watu anamsema ndani ya nyumba ya mwanawe! Alitoka akaenda kuwakatia ng’ombe majani.

Dalili kubwa zaidi ilikuja asubuhi moja akitoka kukamua. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na Zuhura alikuwa amesimama juu ya kigoda mbele ya kisanduku. Alifuta mikono kwa khanga, akainua kidole, akabonyeza kitu. Nyumba ikazimika. Zuhura akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akainua swichi, umeme ukarudi, naye akashuka na kwenda kuosha vyombo kana kwamba hakufanya lolote. Efrazia alisimama pale na ndoo ya maziwa mpaka povu likatulia. Ndipo akakumbuka kwamba jioni iliyopita mkwewe alikuwa ametoka nje kuangalia upande wa machweo, na aliporudi alisema mwezi umeandama.

Mwezi uliofuata alimvizia. Jioni mwezi mwembamba ukaonekana, asubuhi yake Zuhura akapanda kigoda, akabonyeza, giza, akawasha. Mwezi wa tatu, vivyo hivyo. Efrazia hakuhitaji kuambiwa zaidi, ila alitaka kukiona kitu chenyewe. Siku Zuhura alipokwenda sokoni Lushoto, alivaa miwani yake ya kusomea, akapanda juu ya kigoda kwa taabu, akafungua kifuniko cha kisanduku. Pale, juu ya ile swichi kubwa, palikuwa na kitufe kidogo, na kwenye kitufe palikuwa na herufi moja tu. T.

Alikishika kisanduku kwa mikono miwili. Katika nyumba ile mwenye herufi hiyo alikuwa mmoja. Efrazia mwenyewe ndiye aliyeidarizi kwa uzi mwekundu kwenye kola za sare zake za shule, T, ili zisichanganyike na za wengine. Sasa imeandikwa kwenye mashine inayojua, imeungwa kwa waya na fingo lililoko chini ya dirisha lake, na kila mwezi ukiandama mwanawe anabonyezwa.

Usicheke. Mtu akiwa na hofu ya kumpoteza mwanawe, akapewa na herufi ya kuishikiza, hachelewi kufika huko.

Alimgusia jambo hilo rafiki yake Jenoveva baada ya mkutano wa akina mama, kwa kuzungukazunguka, bila kutaja fingo wala mwezi. Jenoveva aliuliza swali moja tu, kama Timotheo anaonekana kanisani siku hizi. Efrazia akahesabu, akaona Jumapili tatu mfululizo hakuonekana. Ni kweli Jumapili hizo alikuwa njiani na Fuso lake la kabichi na karoti, akizipeleka Dar es Salaam, lakini zamani alikuwa akipanga safari kuikwepa Jumapili. Jenoveva akamshika mkono tu, na Efrazia alirudi nyumbani roho ikiwa juu.

Ndipo akamkumbuka Zabron. Zabron alikuwa akitengeneza redio na simu kwenye kibanda chake Lushoto, na Jumapili akiimba sauti ya nne katika kwaya. Leseni ya umeme hakuwa nayo, ila alikuwa na bisibisi na moyo mwepesi wa kusaidia. Efrazia alimwita siku ambayo Zuhura alikuwa amekwenda Mlalo kwenye arobaini ya shangazi yake. Alimweleza kwamba swichi ile inamsumbua, inakata ovyo. Zabron akacheka, akasema vidude vya namna ile vina roho nyepesi, vinashtuka hata mtu akipiga chafya.

“Kiondoe,” Efrazia alimwambia.

“Nikikiondoa mwanao ataona, mama. Nitakiacha pale pale kama pambo. Umeme nitaupitisha nyuma yake, chenyewe kisione kitu.”

“Hakitajua tena?”

“Kipofu kabisa.”

Kazi haikufika nusu saa. Zabron alizima umeme kutoka kwenye mita, akafungua skrubu, akaunganisha waya na waya nyuma ya ile swichi, akarudisha kifuniko kikawa kama hakijaguswa. Aliondoka na chupa ya mtindi, akipiga mluzi wa wimbo wa Jumapili iliyopita.

Zikafuata siku tisa ambazo Efrazia aliziona ni jibu la maombi. Hita iliwaka bila kukatika, maji yakachemka mpaka yakatoa moshi. Alikuwa akioga asubuhi, akitoka akiimba. Mtekenyo wa vidole ulimzidi kidogo, akaongeza dawa ya kuchua. Mambo mengine nayo yakamnyookea. Jumapili Timotheo alikuwa nyumbani, akavaa suti, wakaenda kanisani pamoja, mtu na mama yake. Efrazia aliimba huku akimtazama kwa jicho la pembeni, na moyoni alikuwa na hakika kwamba kifungo kimekatika. Aliporudi alimsalimu Zuhura kwa bashasha ambayo mkwe huyo hakuwahi kuionja, hata akamtazama mara mbili.

Siku ya tisa Timotheo alirudi kutoka Dar es Salaam alasiri, amelowa chapachapa. Mvua ilikuwa imeporomosha udongo kwenye kona za kupandia kutoka Mombo, naye alishinda barabarani na koleo mkononi pamoja na madereva wengine. Alikuwa akitetemeka mpaka meno yanagongana. Zuhura alikuwa jikoni akisonga ugali. Efrazia, moyo ukiwa umemjaa upendo mpaka unamwagika, alisema maji ya kuoga atamchemshia yeye. Alikuwa hajamchemshia mwanawe maji tangu aoe.

Aliiweka ndoo ya bati bafuni, juu ya sakafu ya saruji iliyolowa. Akavuta waya mrefu wa kuungia kutoka chumbani kwake, akatumbukiza hita, akangoja mpaka maji yakaanza kuimba.

“Maji tayari, baba,” akaita, akaenda kabatini kumtafutia taulo kavu. Alikuwa na nia ya kurudi aitoe hita kwanza. Lakini Timotheo alikuwa na baridi. Aliingia pekupeku, akaishika ndoo kwa mkono wa kushoto aisogeze.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomrudia Efrazia kila alipofumba macho siku zilizofuata. Alichosikia ni ndoo ikigongagonga sakafu, kwa haraka, bila kuacha. Aliporudi alimkuta mwanawe ameinama, meno yameumana, mishipa ya shingo imesimama, mkono umeng’ang’ania ndoo, hauachii. Taulo likamwanguka. Akanyoosha mikono yote miwili kumkamata.

“Usimguse, mama!”

Zuhura alimvuta bega kwa nguvu akamtupa ukutani, akageuka mbio kuelekea ukumbini. Kutoka alipokuwa ameegemea Efrazia aliona kila kitu. Alimwona Zuhura akikikwanyua kifuniko cha kisanduku na kubonyeza T. Taa ya ukumbini ikaendelea kuwaka. Akabonyeza tena, kwa kidole gumba, kwa uzito wake wote, na tena. Hakuna kitu. Akaishusha swichi kubwa yenyewe, ikalia ta, na taa ikabaki inawaka vile vile, na bafuni ndoo ikawa bado inagonga. Kwa muda mfupi Zuhura alikitazama kisanduku kile kwa uso ambao Efrazia hakuwahi kuuona kwake. Kisha akapitisha kiganja juu ya mstari wa zile swichi ndogo, akaziteremsha zote kwa pamoja.

Taa ilizimika. Ndoo ikaacha kugonga, na Timotheo akaanguka juu ya maji yake.

Alikuwa anapumua, kwa kukwaruza, lakini anapumua. Jirani mwenye pikapu aliwapeleka hospitali Lushoto, Zuhura amekipakata kichwa cha mumewe njia nzima, Efrazia ameshika miguu. Daktari alisema kiganja kimeungua sana lakini kitapona, na kwamba moyo wanauangalia kwa siku mbili. Alisema pia kwamba wamewahi, wangechelewa kidogo tu angekuwa akizungumza nao maneno mengine.

Hita haikuweza kufichika tena. Efrazia alilia kando ya kitanda, akaungama kwamba aliihifadhi, na Timotheo akampapasa kichwa kwa mkono mzima, akamsamehe. Lakini Timotheo hakuwa mjinga. Aliuliza kwa sauti ya unyonge ni kwa nini swichi haikukata, wakati kwa miezi yote ile ilikuwa ikikata kwa kidogo tu. Kuna mtu kaigusa. Efrazia alisikia ulimi wake ukijibu kabla hajaupa ruhusa.

“Mimi sijui, baba. Anayegusa kile kisanduku ni mkeo. Kila mwezi namwona.”

Lilikuwa kweli, neno kwa neno, na hakuna uongo aliowahi kuusema ambao ulimtia aibu kama kweli ile. Alitoka nje ya wodi akasimama kwenye ubaraza.

Siku ya tatu Timotheo alirudi nyumbani, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Idrisa alikuwa amekwisha fika na kufungua kisanduku. Alikuwa amesimama mbele yake na bisibisi, uso umempauka. Alisema kwamba nyuma ya swichi pana waya ambazo si zake, kwamba mtu ameipofusha makusudi, na kwamba yeye hawezi kufanya jambo la namna ile hata akiwa amelewa, na pombe hanywi. Timotheo alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa hasira, lakini alikuwa mtu aliyekaribia kufa, na watu wa namna hiyo hutaka jina la mtu.

Akamwambia Idrisa kwamba aliyeufunga umeme ule ni yeye, na kwamba suala hilo atalipeleka kwa waliompa leseni. Kisha akamgeukia mkewe. Hakupaza sauti. Alimwambia aende kwao Mlalo kwanza, mpaka ijulikane nani kafanya nini, kwa kuwa yeye hawezi kulala katika nyumba ambayo hajui ni nani anayeigusa. Zuhura alimtazama mumewe, akamtazama mama mkwe. Kisha akaingia chumbani.

Efrazia alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, ameshika chupa ya chai. Kilichokuwa kikitokea mbele ya macho yake kilikuwa ombi lake mwenyewe, lile alilolipeleka kwa Mungu miaka miwili kwa magoti, na sasa anapewa bila kupunguzwa. Hakutakiwa kufanya kitu. Alitakiwa kunyamaza tu, na alikuwa hodari wa kunyamaza. Chumbani zipu ya begi ikavutwa. Akaona tena kile kidole gumba kikibonyeza, kikibonyeza, mtu akipigania roho ya mwanawe kwa kitu ambacho yeye Efrazia alikuwa amekitoboa macho. Alijiona mwovu, na hakupata pa kujificha.

“Ni mimi,” akasema.

Hawakumsikia vizuri. Akaweka chupa ya chai mezani, akarudia, na safari hii akaendelea mpaka mwisho. Alimtaja Zabron. Alitaja shimo la chumvi na mkaa, na mwezi unaoandama, na kigoda. Ilimchukua muda kuifikia herufi, na alipoifikia alimtazama mwanawe kama mtoto anayengoja fimbo. Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, begi mkononi.

“Mama,” Idrisa alisema taratibu, “T ni ya testi. Ni ya kujaribu. Unabonyeza kila mwezi ujue kama bado inafanya kazi.”

“Aliniambia kila mwezi,” Zuhura akasema. “Tarehe mimi nazisahau. Mwezi nauona.”

Siku nyingine wangecheka mpaka wakashikana mbavu, na hadithi ile ingesimuliwa kwenye harusi zote za ukoo. Hakuna aliyecheka. Timotheo aliketi kwenye kiti, akaweka mkono wake wa bandeji juu ya goti, akautazama. Baadaye alimwomba Idrisa radhi, kisha akamwomba mkewe, kwa sauti ya chini, naye Zuhura akalirudisha begi ndani. Efrazia alingoja zamu yake ya kusemwa. Aliisubiri alasiri nzima, akiwa tayari kwa kila neno, hata kufukuzwa. Hakuna aliyemsema. Idrisa alizing’oa waya za Zabron, akaifunga swichi upya, akabonyeza T mbele yao wote, umeme ukakatika, akaurudisha, akaaga kwa adabu.

Jioni Zuhura aliandaa ugali na maharage. Efrazia, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na mikono yake, alipasha maji kwenye birika, akayachanganya na ya baridi kwenye jagi la plastiki, akachukua beseni na kuwanawisha. Alianza kwa mwanawe, kama alivyokuwa akianza kwa marehemu mumewe enzi hizo. Alipiga goti moja mbele yake, akaliinamisha jagi.

Timotheo aliunyoosha mkono wake wa kulia. Kisha akaurudisha. Haukwenda mbali, ulirudi nyuma kidogo tu, na pengine yeye mwenyewe hakujua kwamba ameurudisha. Aliyatazama maji, halafu akamtazama mkewe.

Zuhura akainuka. Akaweka vidole vyake chini ya jagi la mama mkwe, akaacha maji yapite juu yake, akangoja kidogo, akamwitikia mumewe kwa kichwa. Ndipo Timotheo akanawa. Efrazia aliendelea kumimina mpaka alipomaliza, akampa taulo.